Bahasha ya Maegesho

Jumamosi, tarehe 7 Machi 2015, saa tisa na dakika arobaini alasiri, manyunyu mepesi yakiiangukia bandari ya Mobile na upepo wa vuguvugu ukivuma kutoka Ghuba, Garland Teague na mkewe Verlene walipanda meli iitwayo Leidi Amaranta kwa safari ya siku saba katika bahari ya Karibi. Meli hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na hilo lilikuwa jina lake la tatu. Rangi nyeupe ilikuwa imepakwa juu ya rangi nyeupe mara nyingi mno, lakini majina mawili ya kwanza yalikuwa yameandikwa kwa herufi za chuma zilizochomelewa ubavuni, na hakuna rangi iliyoweza kuyafuta. Aliyetazama vizuri aliyasoma yote matatu, kama mtu amwonaye mwanamke aliyeolewa mara tatu na bado amevaa pete zote.

Garland hakutazama. Alikuwa akiwaeleza wenzake wa foleni kwamba amelipa dola mia tatu arobaini na tisa kwa kila kichwa, chakula humo humo, na amelipa taslimu. Alikuwa fundi mstaafu wa mabasi ya shule kutoka wilaya ya Cullman, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mwenye miaka sitini na sita na kifua kilichotangulia mbele yake. Nyumbani kwake fedha zote zilikaa ndani ya bahasha: bahasha ya chakula, ya mafuta, ya umeme, ya sadaka. Bahasha ikiisha, matumizi yamekwisha. Kadi za benki alizikata kwa mkasi mbele ya waumini, akapigiwa makofi, na tangu siku hiyo nyuma ya pikapu yake palibandikwa maneno haya: GARI HILI LIMELIPWA TASLIMU.

"Mimi sidaiwi na mtu," alipenda kusema. Alisema hivyo mara mbili kabla hawajamaliza daraja la kupandia.

Kwa safari hii alikuwa na bahasha tatu. Ya kwanza, Melini, ilikuwa na dola mia mbili, nazo alizikabidhi mapokezi ziwe amana ya akaunti yao. Binti wa mapokezi alimweleza kwamba humo zitakatwa bakshishi za wahudumu, dola kumi na mbili kwa kila mtu kwa kila siku. Garland aliitikia kwa kichwa na kutia sahihi. Ya pili, Maegesho, ilikuwa na dola mia moja ishirini na sita kamili, za kuikomboa pikapu watakaporudi, kwa kuwa maegesho ya bandari yalilipiwa wakati wa kutoka. Ya tatu iliandikwa Dharura. Ilikuwa na noti mbili za dola ishirini, ilikaa mfuko wa shati upande wa moyo, na haikuwahi kufunguliwa.

Verlene alibeba mkoba mdogo wenye chupa zake mbili za insulini.

Chumba chao kilikuwa sitaha ya tatu, chini, mahali ambapo zulia lilitoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Mhudumu aliyewapokea alikuwa mwanamume mfupi wa miaka arobaini na sita. Kibao cha kifuani kilisema BEN, UFILIPINO, ingawa jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Bienvenido. Garland alimwita kijana. Verlene alimwonyesha zile chupa na kumwuliza kama friji ya chumbani inapoza kweli. Ben alitia mkono ndani, akasikiliza mngurumo wake kama daktari, akasema inapoza, lakini yeye angekuwa akiichungulia kila asubuhi. Verlene alikuwa amepika katika jiko la shule kwa miaka ishirini na nane, na alimtambua mtu wa kazi kwa jinsi anavyofunga mlango.

Jumatatu walifika Cozumel. Verlene alitamani kupanda ile mashua yenye sakafu ya kioo, akaambiwa hakuna bahasha ya hilo. Aliketi kwenye benchi gatini akala biskuti zake, huku Garland akizunguka madukani na rafiki mpya, Royce Bickham, muuza bima kutoka Biloxi, mtu mwenye kauli nyingi na fulana yenye picha ya kasa. Garland alirudi na saa ya mkononi ya rangi ya dhahabu, nene kama kifuniko cha mtungi.

"Dola ishirini tu, mama," alisema. "Royce anasema Biloxi ingekuwa mia tatu."

Verlene hakuuliza ishirini hizo zilitoka bahasha gani. Miaka arobaini na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha maswali ya kuacha.

Jumanne alasiri, meli ikiwa njiani kuelekea visiwa vya Kayman, moshi ulitoka mahali ambapo moshi haupaswi kutoka, na injini moja kati ya mbili ikanyamaza. Viyoyozi vikanyamaza nayo, na nusu ya taa, na friji zote za sitaha ya tatu. Nahodha alitangaza kwa kipaza sauti kwamba hali ni ya kawaida. Baada ya saa moja alitangaza kwamba hawatafika Kayman wala Montego Bay, bali watarudi Mobile polepole na kufika siku ile ile ya ratiba, jambo alilolisema kana kwamba ni zawadi. Baada ya chakula cha jioni, ambacho kilikuwa mkate na vitunguu, hakutangaza lolote. Vyoo vilikuwa vimekataa, na wahudumu walipita mlango kwa mlango wakigawa mifuko myekundu ya plastiki.

Verlene hakujali mifuko. Alikuwa ameshika kipimajoto cha chumbani. Mfamasia wa Cullman alimwonya kwamba insulini ikichemka inageuka maji, na maji hayamtibu mtu sukari. Walikwenda zahanati ya meli, ambayo friji yake ilikuwa ikifanya kazi. Muuguzi aliwaeleza kwa upole kwamba chupa zitapokelewa baada ya mgonjwa kuandikishwa, na kuandikishwa ni dola tisini na tano.

"Tisini na tano kwa kuweka chupa mbili ndani ya sanduku," Garland alisema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Hakuna bahasha ya hilo."

"Ipo ya Dharura," Verlene alisema. "Na iliyobaki waikate kwenye ile amana."

"Dharura ni dharura, mama. Wewe bado unatembea."

Watu wawili walicheka. Verlene alizirudisha chupa zake mkobani na kutoka nje, uso ukimwaka.

Ben alikuwa ukumbini akikusanya mifuko myekundu. Alikuwa ameyasikia yote. Usiku huo huo aligonga mlango akiwa na ndoo ya barafu, akazifunga chupa ndani ya kitambaa ili zisigande, akaifunika ndoo kwa taulo. Asubuhi iliyofuata akaleta nyingine, na jioni nyingine.

Siku hiyo ya Jumatano ndipo Verlene alipopata habari kutoka kwa mwanamke aliyepiga deki. Mashine ya barafu iliyosalia ilikuwa moja tu, jikoni chini kabisa, na msimamizi wake alikuwa ameigeuza duka. Ben alipoingia jioni, Verlene alimsubiri Garland atoke kwanza.

"Barafu hii unainunua?"

"Chini huko kila kitu kinanunuliwa, Bibi Verlene."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Ben, nimekaa jikoni miaka ishirini na nane. Usinifiche."

Aliipangusa ndoo kabla ya kujibu. "Dola tano, ndoo moja."

"Basi nitakulipa kabla sijashuka kwenye meli hii. Ndoo zote. Ahadi."

Ben alitabasamu, bila ubaya na bila matumaini makubwa. "Wengi huahidi Jumatano, Bibi," alisema. "Jumatano ni siku nzuri ya kuahidi."

Neno hilo lilimchoma Verlene kuliko kicheko cha zahanati. Hakuwa na hata senti mkononi. Katika nyumba ya bahasha, mwenye bahasha ni mmoja. Lakini aliweka hesabu kichwani, ndoo kwa ndoo, na akaazimia kwamba chochote kingine kitakachooza ndani ya meli ile, neno lake halitaoza.

Alhamisi abiria walifanya mkutano kando ya bwawa la kuogelea lililokauka. Wengi walikuwa wamelala siku mbili juu ya sitaha, kwenye magodoro waliyoyaburuta wenyewe, na kila mmoja alinuka kwa kadiri ya umri wake. Royce Bickham alipanda juu ya kiti. Alisema kampuni imewadharau. Alisema Mmarekani akidharauliwa hana budi kumpiga anayemdharau mahali panapouma, yaani mfukoni. Na mahali pa kupiga palikuwa hapa: fomu ya kuondoa bakshishi, iliyopatikana mapokezi, haki ya kila abiria. Kila mtu aondoe zake, siku zote saba.

Hakuna aliyesema kwamba bakshishi si fedha za kampuni. Wote walijua. Ni jambo linalojulikana na kila aliyewahi kupanda meli ya namna hiyo: mshahara wa mhudumu ni mfupa, na bakshishi ndiyo nyama. Lakini mkurugenzi wa kampuni alikuwa Miami, mbali na fimbo yao, na aliyekuwa karibu ni mtu abebaye vinyesi vyao. Mwoga apigapo huchagua mgongo wa karibu.

Garland aliomba kiti naye akapanda. Tangu siku aliyokata kadi kanisani hakuwa amepata umati mzuri namna ile.

"Kwangu si suala la fedha," alisema. "Ni suala la kanuni."

Walimpigia makofi. Alipoinua mkono kuwatuliza, saa yake ya dhahabu ilimeta juani. Ilikuwa imesimama tangu alfajiri kwenye saa kumi na moja na robo, lakini aliendelea kuitazama kila baada ya dakika chache, akiwa amekaza uso, kama mtu mwenye miadi.

"Anayetubebea mifuko ni nani?" Verlene alimwuliza aliposhuka kitini. "Kampuni?"

"Usichanganye mambo, mama. Yule kijana nitampa kitu chake mwenyewe."

Ijumaa asubuhi foleni ya mapokezi ilipanda ngazi mbili. Watu wasiosalimiana tangu Jumamosi walikuwa ndugu sasa. Binti wa mapokezi alikuwa na macho mekundu na sauti iliyokwisha, na kwa kila mtu alirudia maneno yale yale: bakshishi hizi huenda kwa mhudumu wa chumba na wa meza, kila abiria anajitilia sahihi yake, na hapa aandike sababu. Garland aliandika "kanuni", akaipigia mstari chini. Kwa kuwa alikuwa ameweka amana ya taslimu, alirudishiwa taslimu.

Kisha binti alimsukumia Verlene fomu yake. Dola themanini na nne.

Verlene aliishika kalamu. Nyuma yake mke wa Royce alimwambia ni karatasi tu, mpenzi, andika twende tukanywe kahawa. Mtu mwingine alikohoa. Garland aliinua mkono na kuitazama saa yake iliyosimama. Verlene angeweza kuirudisha kalamu mezani, na baadaye alikumbuka kwamba jambo hilo lingemchukua muda mfupi kuliko kuandika jina. Aliandika jina. Kwenye nafasi ya sababu hakuandika kitu.

Jioni Ben alikuja na ndoo kama kawaida. Alizifunga chupa, akaifunika ndoo, akaulizia kama mifuko ipo. Garland alikuwa juu kwenye sitaha, miongoni mwa mashujaa.

"Umeona?" Verlene aliuliza.

"Nimeona, Bibi. Orodha inabandikwa ukutani kwetu. Kwa majina."

"Na jina langu?"

"Lipo."

"Na bado umeleta barafu."

"Barafu haikuwamo kwenye fomu," Ben alisema. Aliuchukua mfuko mwekundu, akaufunga shingo mara mbili, akatoka nao.

Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, Leidi Amaranta ilikuwa imefungwa gatini Mobile, na nje kulikuwa na jua safi la kuudhi. Abiria wa sitaha ya tatu walitakiwa kuviacha vyumba saa mbili. Garland alikuwa akinyoa kwa maji ya chupa. Juu ya meza alikuwa amemwekea Ben kile kitu chake mwenyewe: kopo la karanga lililobaki nusu, mafuta ya jua ambayo hayakutumika sana, na kadi aliyoandika "Mungu akubariki kijana".

Verlene alipokuwa akipanga sanduku aliiona bahasha ya Maegesho ndani ya kiatu cha mumewe. Hakuifungua kwa udadisi. Alitaka kuhamishia pesa za bakshishi zilizorudishwa humo, ili mumewe asizitafute njiani. Lakini ndani zilikuwamo tayari zile zile za bakshishi, mpya, zimefungwa kwa utepe wa karatasi wenye nembo ya meli. Dola mia moja sitini na nane. Nyingine hazikuwamo.

"Garland. Mia moja ishirini na sita za gari ziko wapi?"

Wembe ulisimama. "Hizo ndizo za gari."

"Hizi ni za Ben. Nimeuliza za gari."

Aliinamisha macho, na Verlene akatazama kule alikokuwa akitazama mumewe: kwenye mkono wake wa kushoto.

Ilitoka vipande vipande. Mwenye duka wa Cozumel alitaka mia na hamsini. Royce alikuwa amenunua mbili. Garland alimwonyesha yule mtu bahasha ili ajue hana zaidi, naye mtu yule, ambaye alijua kazi yake, alichukua yote yaliyokuwamo. Tangu Jumatatu Garland hakuwa na fedha ya kuitoa pikapu bandarini. Tangu Jumatatu alikuwa akitafuta njia ambayo haitaitwa kukopa.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo kanuni," Verlene alisema.

"Mama, tutakula nyama choma njiani. Inabaki arobaini na mbili."

"Ulinisimamisha mbele ya watu nitie sahihi. Mtu huyu amenibebea dawa siku nne. Wewe uliniambia bado natembea."

"Punguza sauti. Kuta za hapa ni karatasi."

Ben aligonga. Alikuja kuchukua mashuka. Aliliona kopo la karanga, akaisoma kadi, akaiweka chini kwa uangalifu mahali ilipokuwa.

Verlene alimpa bahasha mkononi. "Barafu ni ndoo saba," alisema. "Dola thelathini na tano. Bakshishi zetu ni mia moja sitini na nane. Jumla ni mia mbili na tatu. Hesabu."

"Verlene," Garland alisema. "Gari litatokaje?"

"Mpigie Darla simu. Mwambie mumewe akukopeshe."

Darla alikuwa binti yao, na mumewe ndiye aliyekuwa akipewa somo la madeni kila Jumapili kabla ya kukatiwa kuku. Povu la sabuni lilimdondoka Garland kidevuni likaanguka juu ya ile saa.

Ben alizihesabu noti moja moja juu ya godoro tupu, akilowesha kidole gumba, mbele yao, bila haraka na bila kuona haya. Hakuwa mtu wa kukataa haki yake ili watu waliomnyima wajisikie vizuri.

"Mia moja sitini na nane," alisema. "Pamepungua thelathini na tano, Bibi."

Verlene alimgeukia mumewe akanyoosha mkono. Aliuacha mkono hapo, umefunguka, na ukumbini watu walikuwa wakipita na masanduku yao, mlango wazi, na Royce Bickham miongoni mwao akapunguza mwendo kutazama. Garland aliingiza vidole katika mfuko wa shati upande wa moyo. Bahasha ya Dharura ilikuwa imeshikamana kwa miaka na jasho, ilibidi aichane. Verlene alizichukua noti mbili za ishirini na kumpa Ben.

Ben alizikunja pamoja na zile nyingine. Kisha alitoa mfukoni mwake noti moja ya dola tano, iliyochakaa, akampita Verlene, akaiweka kwenye kiganja cha Garland.

"Chenji yako, bwana," alisema. "Sasa hudaiwi."

Akayabeba mashuka machafu kwa mikono miwili, akaenda chumba cha pili.